Jiwe Ukutani na Boriti Darini

Masomo: Habakuki 2:9–14, Yakobo 5:1–6, Luka 19:1–10

  Huenda wengine wenu mko jikoni mnachemsha chai, wengine mko njiani kwenda shamba au baharini. Popote mlipo, tunaomba mtusikilize kwa dakika chache.

Leo twataka kuwachukua safari. Ni safari fupi ya pwani yetu ya kusini, kutoka kivuko cha Likoni kuelekea mpaka wa Tanzania. Tuliifanya pamoja na vijana wa kanisa letu, wakati wa likizo ya shule, ili wazione nyumba za kale za nchi yao. Maana vijana wetu wamesoma juu ya majumba ya wafalme wa Ulaya, lakini waulize ni nani aliyekaa Gazi, nao watakutazama tu.

Tulimwomba mzee mmoja afuatane nasi. Mzee huyo ni fundi mwashi, Mdigo wa hapa hapa Kwale, na ni Mwislamu. Ndiye aliyetujengea ukumbi wa kanisa letu. Tulijua kwamba mambo ya mawe na chokaa anayajua kuliko sisi sote. Alipokubali tulifurahi sana, wala hatukufikiri kwamba angetufundisha neno ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelihubiri mara nyingi bila kulisikia.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa pale mto Mwachema unapoingia baharini, kati ya Tiwi na Diani. Hapo, chini ya mibuyu mikubwa, upo msikiti wa Kongo. Ni wa kale sana, umesimama kwa karne nyingi, nao umejengwa kwa mawe ya matumbawe. Vijana walishangaa kuona kwamba si gofu. Watu wangali wanasali humo. Fundi wetu aliingia kuswali, nasi tukamngoja kivulini kwa adabu. Alipotoka tulimwuliza, "Mzee, kwa nini nyumba hii haikuanguka, na nyingine nyingi zimeanguka?" Akajibu, "Nyumba yenye watu hutiwa chokaa kila mara. Nyumba isiyo na watu huliwa na mizizi."

Kisha akawaeleza vijana jinsi wazee walivyojenga. Mawe ya matumbawe yalichongwa kwa mkono. Mengine yalichomwa kwa kuni nyingi hata yakawa chokaa. Juu ya kuta ziliwekwa boriti za mikoko, na juu ya boriti yakapangwa mawe na chokaa, mpaka dari ikawa nzito kama sakafu. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haina urefu mwingi, vyumba vya kale ni vyembamba. Hata tajiri mwenye fedha nyingi hakuweza kukipanua chumba chake kupita urefu wa mti alioumba Mungu.

Tulipokuwa tukisikia habari za mawe na boriti, kijana mmoja alikumbuka somo la Jumapili iliyopita. Nabii Habakuki, katika sura ya pili, anamwonya mtu ajengaye nyumba yake kwa mapato ya dhuluma. Mtu huyo hudhani kwamba kiota chake kiko juu na hakuna baya litakalomfikia. Lakini nabii asema kwamba nyumba yenyewe itamshtaki: jiwe litalia kutoka ukutani, na boriti itaitikia kutoka darini. Wapendwa, ni kana kwamba nabii huyo aliwahi kukaa Pwani! Jiwe na boriti ndivyo vitu vya nyumba zetu hasa.

Tukaendelea na safari mpaka Gazi. Kijiji hiki kiko kando ya ghuba iliyojaa mikoko, kabla ya kufika Msambweni. Wengi wa wapitao katika barabara kuu hawageuzi hata shingo. Lakini katika karne ya 19 Gazi ilikuwa mahali pa enzi. Watu wa ukoo wa Mazrui walitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, walipoondolewa na Sayyid Said. Baadhi yao walikwenda Takaungu, na wengine wakaja Gazi. Hapa ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid, mtu shujaa aliyepigana na Masultani wa Unguja kwa miaka mingi, na mwishowe akapigana na Waingereza. Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza yaliiteka ngome yake ya Mwele, huko bara ya Kwale. Mwaka 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na siku zake zilizobaki akaziishi uhamishoni Dar es Salaam.

Nyumba yake ya Gazi haikutoweka. Baada yake imetumika kuwa shule, na watoto wa kijiji wamejifunza alfabeti katika vyumba vya yule aliyewatisha mabaliozi na masultani. Tuliona jambo hilo kuwa jema. Lakini Sheikh Mbaruk, kama wakuu wote wa pwani wakati ule, alikuwa na watumwa wengi. Watumwa ndio waliolima, ndio waliobeba, na wengine ndio walioshika bunduki vitani.

Fundi wetu aliweka kiganja chake ukutani, akakaa kimya kitambo. Halafu akasema, "Wanangu, nyumba hii mwenyewe twamjua. Tunajua jina lake, na la babaye. Fundi wake hatumjui. Aliyekata boriti hatumjui. Aliyechoma chokaa hatumjui. Hapana aliyeandika." Akatutazama sisi watu wazima wa halmashauri ya kanisa, akasema kwa upole, "Na ya kwenu je, mmeandika?"

Hatukumjibu. Mtaona baadaye kwa nini.

Tulipita Msambweni, tukapita Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988 na watu wengi wakapoteza kazi. Tukafika Shimoni. Jina lenyewe latosha kutueleza, maana kijiji hiki kimeitwa kwa mapango yaliyo chini ya mwamba wa matumbawe. Wenyeji husimulia kwamba watu waliokamatwa bara walifungwa humo, wakingoja vyombo vya kuwapeleka Unguja na kwingineko. Siku hizi wanakijiji wenyewe huyatunza mapango hayo na kuwaongoza wageni. Vijana waliingia wakicheka, wakatoka bila kucheka. Ndani mna unyevu na giza, na popo wananing'inia juu. Mtu ukisimama humo, huhitaji mhubiri.

Karibu na mapango hayo yako magofu mengine, ya jengo la Waingereza wa zamani. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilikuwa na kituo hapa Shimoni. Vijana wakauliza, "Je, hao ndio waliokuja kuwafungua watumwa?" Swali hilo ni jema, na jibu lake linatuhusu sana sisi Wakristo wa Pwani. Ili kulijibu, hatuna budi kutoka Shimoni kwa mawazo na kwenda Rabai, nyuma ya Mombasa.

Rabai ndipo mahali pa kanisa lililoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846. Miaka 40 baadaye palikuwa pamejaa watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao wakatafuta kimbilio misheni. Wenye watumwa walikasirika, wakadai mali yao. Kukawa na hatari ya vita. Ndipo Mackenzie, mkuu wa kampuni ile, akafanya mapatano: mabwana walipwe fedha, na watoro wapewe hati za uhuru. Tarehe 1 Januari mwaka 1889 hati hizo zilitolewa Rabai. Watu zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni walipata uhuru wao kwa mapatano hayo.

Twamshukuru Mungu kwa siku ile. Baadhi yenu mnaotusikiliza ni wajukuu na vitukuu vya watu hao, wala si jambo la kuona haya hata kidogo. Wana wa Israeli nao walikuwa watumwa Misri, na Mungu hakuona haya kuitwa Mungu wao. Ikiwa ungali unasikia katika ukoo wako mtu akikataliwa uchumba kwa sababu babu yake alikuwa mtumwa, basi ujue kwamba pango la Shimoni bado halijafungwa. Limehamia nyumbani kwako tu.

Lakini tazameni jambo hili, wapendwa. Fedha zilipotolewa, nani alilipwa? Alilipwa bwana. Yule aliyelima miaka kumi, aliyebeba mizigo, aliyepigwa, alipewa karatasi. Tena ilipokuja sheria ya mwaka 1907 ya kuondoa hali ya utumwa katika pwani ya Kenya, waliopewa nafasi ya kudai fidia ni wale waliokuwa na watumwa. Hakuna aliyepiga hesabu ya mshahara wa mtumwa. Hesabu hiyo ilibaki katika kuta, na Mungu peke yake ndiye mwenye daftari lake.

Wala tusimnyoshee kidole jirani mmoja. Ni rahisi kusema, "Waarabu walifanya," au, "Wazungu walifanya." Katika njaa kubwa za karne ile, watu wetu wenyewe waliwaweka watoto wa ndugu zao rehani ili wapate mahindi, na wengi wa watoto hao hawakukombolewa. Katika vituo vya misheni pia, watu waliokimbia viboko vya shambani walikuta viboko vingine mikononi mwa Wakristo. Jiwe likilia, halichagui dini ya mwenye nyumba.

Sasa tunarudi kwenye swali la fundi wetu: "Na ya kwenu je?"

Wasikilizaji wapenzi, hatukutaka kulisema jambo hili redioni. Tumelisema kwa sababu tuliona kwamba tukilificha hatutakuwa na haki ya kuhubiri habari za Gazi wala za Shimoni. Ukumbi wetu wa kanisa ulikuwa umekwisha miezi minane. Tulikuwa tumeufungua kwa nyimbo na kwa pilau. Jina la mgeni wa heshima limechongwa katika jiwe mlangoni. Lakini fundi yule aliyesimama nasi Gazi, akiwafundisha watoto wetu bila malipo, tulikuwa hatujamlipa sehemu ya mwisho ya fedha zake. Kila mwezi tulisema, "Mzee, tuvumilie, harambee ijayo." Naye kila mara alijibu, "Haya, wanangu, Mungu yupo." Na katika miezi hiyo tulipata fedha za viti vipya, na za vipaza sauti.

Hatukukusudia kumdhulumu. Hakuna kati yetu aliyesema moyoni, "Na tumnyang'anye fundi." Tulifikiri kwamba kazi ya Mungu ina haraka na mshahara wa mtu waweza kungoja. Lakini Sheria ya Musa, katika Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, haisemi hivyo. Inaamuru kwamba ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, kwa sababu yeye ni maskini na moyo wake unautegemea. Na Yakobo awaonya matajiri kwamba mshahara waliouzuia una sauti, na sauti hiyo imekwisha kufika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Sisi tulikuwa tumezoea kudhani kwamba Yakobo anawasema wenye mashamba makubwa. Kumbe alikuwa akiisema halmashauri yetu.

Jioni ile tuliporudi, wazee wa kanisa walikutana ukumbini. Taa ziliwashwa, na kila mmoja akatazama zile kuta nzuri, zilizonyooka, bila ufa. Mmoja wetu, mama mtu mzima, akasema, "Mimi siwezi kuomba humu leo." Hatukuomba. Tulihesabu. Agizo la viti lilifutwa. Jumapili iliyofuata washarika waliambiwa kweli yote, na watu wakatoa. Baada ya juma mbili tulikwenda nyumbani kwa fundi na deni lake kamili.

Tulimkuta barazani. Tukamwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitika, "Marahaba." Tukamwomba radhi. Akazipokea fedha, akaandaliwa kahawa, nasi tukanywa. Kisha akazigawa fedha zile mafungu matatu, maana alikuwa na vibarua wawili. Mmoja aliitwa kutoka shamba la karibu, akaja akachukua fungu lake, akashukuru. Yule wa pili hakuitwa. Tulipouliza, fundi akasema, "Huyu alingoja miezi minne. Akasema mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Akaenda kutafuta kazi kwingine. Hakuniambia wapi."

Tukarudi kanisani tukafungua daftari la ujenzi tupate jina lake. Tulikuta majina ya wote waliotoa fedha, hata aliyetoa shilingi 20. Kwa habari ya wale waliojenga pameandikwa: "Fundi na vibarua wawili." Tulilazimika kurudi kwa mzee kuuliza jina la mtu aliyebeba kila jiwe la ukumbi wetu. Sasa limeandikwa. Fedha zake zimo katika bahasha kabatini, nasi tungali tunaulizia habari zake katika kila kijiji tupitapo. Bado hatujampata.

Hilo ndilo tunalotaka mjue leo, wapendwa. Deni la mtu maskini haliwezi kulipwa wakati wo wote tupendao. Lina wakati wake, na wakati huo ukipita, mtoto amekwisha kuacha shule, na baba amekwisha kuondoka. Toba ni njema, nasi tulitubu. Lakini toba iliyochelewa huikuta nyumba tupu.

Je, hakuna matumaini? Yako, na Injili ya Luka, sura ya 19, yatuonyesha. Zakayo alikuwa na nyumba nzuri huko Yeriko, na bila shaka kuta zake zilikuwa na mengi ya kusema. Yesu hakupita mbali na nyumba ile. Aliingia. Wala hatusomi kwamba alimhubiri Zakayo juu ya kodi. Alikaa kwake tu, na Zakayo mwenyewe akasimama akaanza kuhesabu: nusu kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hapo ndipo Bwana alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile siku ile ile. Angalieni, wokovu ulitangazwa wakati hesabu za watu zilipokuwa zikifanywa. Twapenda kuvitenganisha viwili hivyo, sala upande mmoja na daftari upande mwingine. Yesu hakuvitenganisha. Naye mwenyewe alikulia katika nyumba ya fundi.

Basi kila mmoja wetu na aitazame nyumba yake leo. Mama, yule binti anayekulelea watoto, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, amelipwa mwezi huu? Unalijua jina la babaye? Bwana shamba, wale waliopalilia korosho zako, uliwaambia warudi Ijumaa ipi? Ndugu mwenye duka, yule kijana anayepakua magunia, unamwandika au unamwita "wewe" tu? Wazee wa makanisa, yako madeni gani chini ya zulia la madhabahu? Msingoje jiwe lilie. Liulizeni mapema, likiwa bado linanong'ona.

Kule Gazi tuliona jambo la mwisho lililotufariji. Mikoko ile iliyokatwa zamani kuwa boriti za wakubwa, leo watu wa Gazi na Makongeni wanaipanda na kuilinda. Tangu mwaka 2013, kwa mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, hulipwa fedha kwa kuiacha miti hiyo isimame, na fedha hizo zimewasaidia kupata maji na kusaidia shule. Fundi wetu alicheka akasema, "Zamani boriti ilimtumikia mtu mmoja. Sasa ingali na majani yake, na yanywesha kijiji kizima." Nasi tukasema Amina, naye akasema Amina.

Habakuki hakumalizia kwa jiwe linalolia. Mistari michache baadaye anaona siku ambayo dunia itajaa kumjua Bwana na utukufu wake, kama bahari ilivyojaa maji. Sisi tuliozaliwa kando ya bahari twajua maana ya maneno hayo. Maji yakijaa Shimoni, hayaachi tundu hata moja kavu. Na siku ile haitabaki nyumba yenye siri, wala kibarua asiye na jina.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe wawajua wote waliojenga, nao wengine waliojenga kwa machozi. Tusamehe nyumba tulizosimamisha kwa jasho ambalo hatukulilipa. Tufundishe kulipa mapema, na kuandika majina ambayo wewe umekwisha kuyaandika. Mlinde yule ambaye tumeshindwa kumpata, pamoja na mtoto wake, hata siku tutakapoonana naye. Ingia nyumbani mwetu leo kama ulivyoingia kwa Zakayo, wala usitoke mpaka hesabu zetu zimekwisha. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa. Mungu akipenda, tutaonana tena katika mazungumzo yajayo.